Tozo ya barabara ya kielektroniki

Tozo ya barabara ya kielektroniki ni mfumo wa kuwatoza madereva ada ya kutumia barabara, daraja au handaki bila kusimama kulipa pesa taslimu. Hupunguza foleni kwenye vituo vya kulipia na moshi unaotoka katika foleni hizo.

Historia

Mwaka 1959 mwanauchumi William Vickrey alipendekeza mfumo wa aina hii kwa jiji la Washington, Marekani. Norwei na Italia zilikuwa kati ya nchi za kwanza kuutumia, kuanzia miaka ya 1980. Nchini Kenya unatumika kwenye Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, pamoja na malipo ya mkononi.

Utendaji

Gari hubeba kifaa kidogo kwenye kioo cha mbele. Linapopita, antena husoma namba ya kifaa hicho kwa mawimbi ya redio, na ada hukatwa kwenye akaunti ya mwenye gari.

Athari kwa mwendo wa magari

Njia yenye mhudumu anayepokea pesa kwa kawaida hupitisha magari 300 hadi 400 kwa saa. Njia ya kielektroniki isiyo na kizuizi inaweza kupitisha zaidi ya 1,500. Hata hivyo, pale njia za aina zote mbili zinapokaa pamoja, madereva wanaohama njia ghafla huweza kusababisha ajali.

Athari kwa hewa na afya

Gari lililo kwenye foleni huchoma mafuta bila kusafiri, na kila linapoondoka tena huchoma mengi zaidi. Kwa hiyo monoksidi kabonia na oksidi za nitrojeni hujikusanya karibu na vituo.

Mwaka 2011 Janet Currie na Reed Walker walichapisha utafiti kuhusu mfumo wa E-ZPass katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, Marekani. Baada ya mfumo kuanza, kwa akina mama walioishi chini ya kilomita 2 kutoka vituoni, uzazi kabla ya wakati ulipungua kwa takriban asilimia 11, na watoto wenye uzito mdogo kwa takriban asilimia 12, wakilinganishwa na walioishi mbali zaidi kando ya barabara hizo.

Mipaka

Nafuu hiyo huonekana hasa karibu na vituo. Barabara ikiwa nyepesi kupitika huweza kuvutia magari mengi zaidi, na jumla ya moshi ikaongezeka tena.