Ruhusa ya kifaa katika kupanga redio za ridhaa

Tatizo la ruhusa ya kifaa ni hali ambapo mfumo wa kompyuta unaizuia programu kutumia kebo inayounganisha kompyuta na redio ya ridhaa. Hutokea hasa kwenye Linux, mtumiaji anapoingiza masafa redioni kwa kutumia programu huria ya CHIRP.

Linux huichukulia kebo ya USB kama faili, mara nyingi /dev/ttyUSB0. Katika Debian na Ubuntu faili hiyo iko chini ya kikundi kiitwacho dialout. Mtumiaji asiyemo kikundini hukataliwa, hata kama kebo na redio ni nzima. Amri ya kumwingiza ni:

sudo usermod -aG dialout $USER

Kisha inambidi atoke kwenye akaunti yake na kuingia tena. Herufi "a" isiachwe: bila hiyo mtumiaji huondolewa katika vikundi vyake vingine, pamoja na kile kinachompa mamlaka ya kutumia sudo. Katika Arch Linux kikundi husika ni uucp.

Ruhusa hiyo haimpi mtu haki ya kurusha mawimbi. Nchini Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama za mwito huanza na 5H.