Laini ya Umeme Inapovuka Mto: Mambo ya Kukagua Kabla Nguzo Hazijasimama

Ukipewa ripoti ya tathmini ya mazingira, usianze na kurasa za ahadi. Tafuta kwanza tarehe ambayo wapimaji walifika mtoni. Niliwahi kuketi kwenye baraza moja la kijiji, ramani imetandazwa mezani, mto umechorwa kama uzi mmoja wa buluu. Mzee mmoja akauliza, "Huu ni mto wa mwezi gani?" Watu wakacheka, lakini mhandisi hakuwa na jibu. Alikuwa amepima mwezi wa Februari, kaskazi, maji yakiwa ya magotini. Tangu siku ile hilo ndilo swali langu la kwanza.

Pwani tunao mfano mkubwa. Laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu ina urefu wa zaidi ya kilomita 300, na huwezi kutoka Rabai ukafika Lamu kwa nchi kavu bila kuvuka Sabaki na Tana. Siilaumu laini hiyo. Lamu ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na anayejua bei ya dizeli na adha ya giza hatauonea umeme kinyongo. Lakini laini nyingine zitakuja, na mito ni ile ile.

Tana si mto wa kukaa mahali pamoja. Leo maji yake yanaingia baharini Kipini kupitia Ozi, kwa sababu mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuiunganisha mito hiyo miwili, ulipanuka hadi mto wenyewe ukahamia humo. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha ya 2018 na 2023, yalifunika mashamba na kukata barabara. Kwa hiyo nguzo iliyochimbiwa mbali kidogo na ukingo inaweza kujikuta ndani ya mkondo kabla haijazeeka, na maji yakaanza kula udongo chini ya msingi wake. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza ujenzi ndani ya ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka mtoni, kipimo hicho kikitegemea kiwango cha juu kabisa cha mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Pasipo na rekodi, alama za maji kwenye mibuyu na kuta za nyumba ndiyo rekodi, na wazee ndio wanaozijua.

Watu wengi huitazama nguzo tu. Mimi naiogopa zaidi barabara ya kuipeleka. Nguzo moja ya chuma huhitaji malori ya kokoto na saruji, na winchi ya kuinua vyuma. Lori halipiti kwenye tope, basi linamwagiwa tuta la udongo. Katika bonde la mafuriko, tuta la nusu mita tu linatosha kuziba njia ya maji kwenda kwenye desheki, zile hodhi ambazo Wapokomo hulima mpunga na wavuvi hupata kambare maji yanaporudi. Upande mmoja shamba linazama, upande wa pili linakauka, na wafugaji waliozoea kunyweshea pale wanasogea kwa jirani. Sote tunajua ugomvi wa maji huko Tana umewahi kufikia wapi. Kwa hiyo uliza: kalvati zitawekwa ngapi, kwenye kina gani, na nani ataondoa tuta kazi ikiisha? Mkandarasi akiondoka, tuta hubaki.

Saruji mbichi nayo isioshewe mtoni. Maji yake ni makali na huua samaki. Sabaki tayari hubeba udongo mwingi, ushahidi ni ule wekundu wa bahari ya Malindi kila msimu wa mvua; kuchimba ukingo wakati wa masika ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Kuna ndege pia. Mlango wa Sabaki hukusanya heroe, mwari na ndege wa kuhama kutoka kaskazini ya dunia, na delta ya Tana ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhi oevu ya Ramsar. Ndege wakubwa huruka asubuhi na magharibi, mwanga ukiwa hafifu, kati ya wanapolala na wanapokula. Nyaya nene za umeme huziona wakapaa juu yake, kisha wakagonga waya mwembamba wa kukinga radi ulio juu kabisa. Dawa yake ni kutundika visahani au mizunguko ya plastiki kwenye waya huo. Havimalizi vifo, huvipunguza. Bora zaidi ni kuepusha njia ya ndege tangu kwenye ramani, na hilo halijulikani kwa ziara ya siku mbili: mtu akae kando ya mto alfajiri, msimu wa mvua na wa kiangazi, ahesabu.

Miti ya ukingoni hukatwa ili kupisha nyaya. Njia ya laini ya kilovolti 220 huwa na upana wa mita 40 hivi. Ukifyeka upana huo ndani ya msitu wa kando ya Tana, umeikata njia ya kima punju wekundu na mangabei wa Tana, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Vichaka vifupi havigusi nyaya. Viachwe vishike udongo. Na kama kufyeka kutafanywa kwa dawa ya kuua magugu, isitumike karibu na maji ya kunywa.

Jambo moja ambalo wahandisi wa bara hulisahau ni mlingoti. Waya hulegea kukiwa na joto na mzigo mkubwa wa umeme. Kwenye mito na hori zinazopitisha mashua, urefu upimwe kutoka maji ya bamvua hadi waya ulipolegea kabisa, si kutoka maji mafu.

Kisheria mlango upo. Kanuni za 2003 chini ya sheria ya mazingira ya 1999 zinataka utafiti kamili uwe na mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, mabango, tangazo la gazeti na la redio, kwa lugha rasmi na ya wenyeji. Asiyeridhika na leseni ya NEMA ana siku 60 za kwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Mahakama hiyo ndiyo iliyofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu mnamo Juni 2019, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo.

Laini ikishawashwa, mwenye mradi anatakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Ombeni nakala yake. Halafu mwende wenyewe mtoni baada ya masika ya kwanza, mtazame misingi ya nguzo na yale matuta kama yameondolewa, mpige picha zenye tarehe.