Ajali ni ya Sekunde, Fidia ni ya Miaka: Historia ya Bima Ambayo Hakuna Aliyetufunza

Wasee, ajali kubwa ikitokea huku kwetu Rift Valley tunafanya mambo yale yale. Tunaposti mshumaa. Wanasiasa wanakuja na helikopta, wanaahidi, wanaenda. Polisi wanaweka vizuizi wiki mbili. Halafu kimya. Swali ambalo husikii likiulizwa ni hili: wale waliobaki hai, waliovunjika miguu, waliopoteza kazi, walilipwa? Na kama walilipwa, ilichukua muda gani?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite wakili. Lakini kusoma sheria za nchi yako hakuhitaji digrii. Nimekaa na hili jambo kwa muda, na nimeona kwamba huu uchelewaji una historia. Ukiijua hiyo historia, hutadanganywa kirahisi.

Tuanze na barabara yenyewe. Ukishuka kutoka Limuru kuja Mai Mahiu, unapita kanisa dogo kando ya lami. Lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, wale wale waliotumiwa na Waingereza kutengeneza ile barabara ya kushuka bonde. Miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya bima ya magari. Leo tunaiita Cap 405, na bado ndiyo inayotumika. Wazo lilitoka Uingereza, ambako bunge lao lilikuwa limefanya bima kuwa lazima mwaka wa 1930, baada ya kuona watu wakigongwa na magari ya watu wasio na pesa za kulipa.

Wazo lilikuwa zuri, tuseme ukweli. Gari likienda barabarani, lazima liwe na bima ya kulipa mtu wa tatu. Mwenye gari ni wa kwanza, kampuni ya bima ni ya pili, na wewe uliyegongwa ukivuka, au uliyekuwa abiria kwenye matatu, ndiwe wa tatu. Hukununua bima, hujui hata kampuni iko wapi, lakini sheria inasema ukishinda kesi dhidi ya mwenye gari, kampuni yake ndiyo itoe pesa.

Angalia hilo neno: ukishinda kesi. Hapo ndipo mateso yetu yalipozaliwa. Sheria haikusema ukiumia unalipwa. Ilisema kwanza uthibitishe kwamba dereva alikuwa na makosa, upate hukumu, halafu ndiyo kampuni iguswe. Mzigo wote wa kuthibitisha uliwekwa kwa mtu aliyelala hospitalini.

Sasa ruka hadi 1973. Matatu zilikuwa zinahangaishwa na polisi kwa kukosa leseni za kubeba abiria. Mzee Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba ziruhusiwe kufanya kazi bila hizo leseni. Wananchi walifurahi, na walikuwa na sababu, kwa sababu bila matatu watu wa mtaani hawangefika kazini. Lakini biashara ilikua haraka kuliko usimamizi wake. Ni mwaka wa 1984 ndipo bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya trafiki kuzirudisha matatu kwenye mfumo wa leseni na ukaguzi. Zaidi ya miaka 10 hivi, mamilioni ya safari, bila mtu kuuliza kwa makini nani atalipa damu ikimwagika.

Halafu ikaja sura ambayo kila kijana anafaa kuijua: kuanguka kwa kampuni za bima. Kenya National Assurance, kampuni ya serikali yenyewe, ilianguka mwaka wa 1996. United Insurance, iliyokuwa na matatu na mabasi mengi sana, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2005. Invesco ikafuata mwaka wa 2008. Standard Assurance 2009. Blue Shield 2011. Invesco ilirudi sokoni, ikaendelea, na mwaka wa 2024 safari yake ikaishia kwenye kufilisiwa.

Unajua maana yake kwa mgonjwa? Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, malipo yanasimamishwa. Umepigana na kesi miaka mitano, umeshinda, una karatasi ya mahakama mkononi, halafu unaambiwa subiri. Malipo ya United yalisimamishwa, muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, mwaka baada ya mwaka. Na si waliogongwa peke yao walioumia. Wenye matatu waliolipa bima kwa uaminifu walijikuta wakifukuzwa na madalali, kwa sababu aliyeumia alikuwa na hukumu na alitaka pesa zake kutoka popote. Mtu wa kwanza na mtu wa tatu wakashikana mashati, na yule wa pili aliyekula pesa za bima hayuko.

Sasa rudi kwenye ramani yetu. Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta linapinduka na kushika moto, zaidi ya watu 100 wanakufa. Karai, Naivasha, Desemba 2016, lori linagonga magari na kuwaka, karibu watu 40. Migaa, asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori, zaidi ya 30. Makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, trela linaacha barabara na kuingia kwa wachuuzi na abiria, zaidi ya 50. Hizo ni zile zilizofika kwenye habari. Mguu mmoja uliovunjwa na pikapu pale Njoro au Gilgil haufiki popote.

Na kila mara jibu la serikali limekuwa kwa dereva na gari. Mwaka wa 2004, sheria za Michuki zikaleta mikanda na vidhibiti mwendo. Baada ya Migaa, mabasi yakazuiwa kusafiri usiku. Salgaa ikajengwa barabara mbili zilizotenganishwa. Yote ni mambo mazuri, yanazuia ajali ijayo. Lakini aliyeumia kwenye ajali iliyopita, kwake hakuna kilichobadilika. Bado anatafuta abstrakti ya polisi.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Anauza vitunguu na viazi kando ya barabara, si mbali na Nakuru mjini. Pikapu iliacha lami ikamgonga akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nyonga ilivunjika. Huu ni mwaka wa tano. Kwanza kampuni ilisema haina rekodi ya hiyo gari. Rekodi ikapatikana. Ikasema alikuwa amekaa ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hivyo makosa ni nusu kwa nusu. Ikasema ripoti ya daktari wetu imetia chumvi, ikampeleka kwa daktari wao. Daktari wao akasema amepona. Yeye anatembea na mkongojo, lakini kwa karatasi amepona.

Nilipouliza, niliambiwa na watu wengi, "Hiyo ni kawaida." Hilo neno ndilo lilinifanya niandike. Kwa nini ni kawaida?

Jibu langu ni hili: uchelewaji una bei, na anayeilipa si anayechelewesha. Kampuni ikikaa na milioni moja miaka mitano, pesa zinazunguka kwenye uwekezaji wake. Shangazi akikaa bila hiyo milioni, anauza shamba, mtoto anaacha shule, halafu siku moja anapigiwa simu, "Tuko na laki mbili, tumalize hii maneno?" Na anasema ndiyo. Sio kwamba ni haki. Amechoka tu. Mfumo unaomfanya aliyeumia alipe gharama ya kusubiri lazima utazalisha kusubiri.

Sasa nisikie upande wa pili, nisije nikaambiwa natafuta likes. Kampuni za bima zinasema kuna madai feki, na ni kweli. Kuna watu wameandikwa abiria kwenye matatu ambayo hawakuwahi kuipanda. Kuna matatu ya viti 14 iliyogeuka kuwa na majeruhi 25. Kuna madalali wanaokaa hospitalini kununua majina ya wagonjwa. Ndiyo maana kuna kitengo cha polisi cha kuchunguza ulaghai wa bima. Feki zikilipwa, bima inapanda, na kampuni zinazidi kuanguka, na tumeona kampuni ikianguka nani anaumia.

Lakini fikiria vizuri. Dai feki huandaliwa na watu wanaojua njia: wana wakili, wana daktari, wana karatasi zote. Anayeshindwa kwenye mlango wa karatasi ni mama wa vitunguu ambaye hakujua kwamba kuna OB ya kuandikisha. Kuchelewesha kila mtu hakuchuji waongo. Kunachuja maskini.

Bunge lilijaribu kutibu hili mwaka wa 2013. Lilipitisha marekebisho ya Cap 405 yenye jedwali la malipo: kiungo fulani, kiasi fulani. Kasi ingeongezeka, lakini jedwali halimjui mtu. Kidole cha fundi cherehani na kidole cha mhasibu si hasara sawa. Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama Kuu, na mwaka wa 2016 mahakama ikalitupa hilo jedwali. Kilichobaki ni kwamba kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi, mfuate mwenye gari.

Jaribio la pili ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, ikaanza kazi 2021, inasikiza madai hadi milioni moja, na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Siku 60! Sheria inataja fidia ya majeraha mwilini, lakini majaji wa Mahakama Kuu hawajakubaliana kama kesi za ajali za barabarani ziko ndani au nje. Hivi ndivyo tunavyofanya: tunafungua mlango, halafu tunabishana kama ni mlango.

Basi wewe unayesoma hii ukiwa ndani ya matatu ya Nakuru kwenda Naivasha, chukua haya, kwa sababu historia bila matumizi ni umbea tu.

Ukiumia, au mtu wako akiumia, ripoti polisi mapema na uhakikishe imeandikwa kwenye OB. Bila namba hiyo, ulikuwa hauko. Chukua abstrakti, na usiondoke kabla hujaangalia kama namba ya gari, jina la kampuni ya bima na namba ya bima vimeandikwa sawasawa. Herufi moja ikikosewa, utaisikia miaka mitatu baadaye. Jaza fomu ya P3. Weka kila risiti, hata ya Panadol na ya boda ya kwenda kliniki. Piga picha za gari, za mahali, za kidonda.

Kubwa kuliko yote: una miaka mitatu tu ya kufungua kesi. Kama gari ni la serikali, ni mwaka mmoja. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi hiyo saa. Kuna watu wamezungumzishwa kwa upole, "tunaangalia faili lako," mpaka miaka mitatu ikaisha, na upole ukaisha siku hiyo hiyo. Zungumza, lakini fungua kesi. Na wakili wako akuonyeshe kwamba ameipa kampuni ya bima notisi rasmi ya kesi kwa wakati, kwa sababu bila hiyo unaweza kushinda na kampuni ikakataa kulipa.

Na lifti za pikapu na malori, wasee, tuheshimiane. Bima ya lazima inawalinda abiria wa gari linalobeba watu kwa malipo. Ukipewa lifti ya bure nyuma ya pikapu, unaweza kukuta sheria haikuhesabu kabisa.

Kama taifa, tunaweza kudai vitu viwili bila kungoja ajali nyingine. Kila kampuni ya bima ilazimishwe kutangaza kila mwaka inachukua siku ngapi kulipa mtu wa tatu, ili wenye matatu wajue wananunua bima au wananunua karatasi. Na kampuni ikishindwa kortini baada ya kuvuta kesi bila sababu, ilipe bei ya kuvuta, na bei hiyo iume.

Hizo si ndoto. Kulikuwa na wakati matatu haikuwa na mkanda hata mmoja na tukaambiwa haiwezekani. Ikawezekana, kwa sababu mtu aliamua kukosa mkanda kuwe na gharama. Kuchelewesha fidia nako kuwe na gharama, na utashangaa vile faili zilizopotea zitaonekana.

Kama una kesi ya miaka kwa nyumba yenu, iandike hapo chini, bila majina. Taja mwaka wa ajali na mwaka wa malipo pekee. Wacha tuhesabu wenyewe.