Jambia la Kale na Jambia la Dukani

Bwana harusi wa Unguja au Lamu akishavaa joho na kilemba, mara nyingi hutia jambia kiunoni. Siku hizi jambia hilo aghalabu ni jipya, lenye mpini wa mti au plastiki. La babu limefungiwa kabatini, kama halijauzwa.

Vazi hili lilizoeleka pwani enzi za mabwana wa Oman, hasa Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja na kufariki mwaka 1856. Huko kwao jambia limo kwenye bendera tangu 1970, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa binadamu.

Ufundi huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Sonara aliyeyusha reale, ile sarafu ya Maria Theresa iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780, akaivuta fedha ikawa nyuzi, kisha akazishonea juu ya ngozi ya ala. Nyuzi za mkono hazifanani zote: moja imekaza, nyingine imelegea kidogo. Jambia la bei nafuu lina pambo lililopigwa kwa kalibu, na ukilipapasa hukuti uzi wowote, ni bati tupu lenye michoro.

Lakini thamani kubwa ya jambia la kale ilikuwa kwenye mpini, na hapo ndipo habari inapouma. Mpini uliotukuzwa kuliko yote ni wa pembe ya kifaru. Pembe hiyo haina mfupa ndani. Imeumbwa kwa keratini, kama ukucha, na ikisuguliwa na viganja kwa miaka huwa laini, na kwenye mwanga huonyesha rangi ya kaharabu. Vifaru wengi waliouawa kwa ajili yake walikuwa wa Afrika Mashariki, na Unguja ilikuwa bandari mojawapo ya kusafirishia pembe zao.

Miaka ya 1970 mambo yalizidi. Wayemeni, ambao nao huvaa jambia, waliofanya kazi Saudia walirudi na fedha za mafuta, na kila kijana akataka mpini wa kifahari. Kenya, iliyokadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000 mwaka 1970, ilibakiwa na pungufu ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo mwaka 1977, na Yemen Kaskazini ikazuia kuziingiza nchini mwaka 1982. Magendo hayakukoma kwa hayo.

Kwa hiyo anayetaka la kuvaa harusini na anunue jipya, ila alitafute kwa sonara anayesuka fedha kwa mkono, maana mafundi hao wanahitaji wateja. Na aliyerithi la zamani asiliuze kwa mpita njia wala kulisugua kwa dawa kali. Aandike lilikuwa la nani na lilitoka wapi, alihifadhi pakavu, na kabla ya kulivusha mpaka aulize kwanza idara ya wanyamapori.