Difu inayolia: kagua kabla ya kulipa

Mazda MX-5, gari jepesi la michezo lililoanza kuuzwa mwaka 1989, huitwa Roadster nchini Japani. Boriti ya alumini huunganisha giaboksi yake na difu ya nyuma, hivyo ni rahisi kukosea mlio unatoka wapi.

Badili gia bila kubadili mwendo. Mlio ukibaki vilevile, giaboksi si ya kushukiwa kwanza. Ukibadilika kulingana na lami, ni matairi. Ukizidi kwenye kona, huenda ni beringi ya gurudumu. Ukija unapokanyaga mafuta na kupotea unapoachia, shuku meno ya difu.

Mwisho, mwaga oili ya difu. Unga laini wa chuma ni kawaida. Vipande vikionekana, mnunuzi ahesabu gharama ya difu katika bei.