Jina la Mtoto ni Amana: Funzo Kutoka Mbulu na Hanang



Ukikutana na mtu wa Mbulu aitwaye Tluway, usimcheke kwa kuwa ulimi wako wa pwani hauliwezi jina lake. Muulize maana yake. Atakwambia kuwa kwa Kiiraqw neno hilo ni mvua. Mtoto alizaliwa mvua ikinyesha, na kwa watu wanaoishi kwa shamba na ng'ombe, mvua ni rehema ya Mola. Je, hilo ni jina baya?

Huko Mbulu na Hanang, wilaya zilizomo katika Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, watu tangu zamani huwapa watoto majina ya yale yaliyotokea siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa njiani, au baba yake akiwa ugenini, huitwa Safari. Na neno hili, ndugu yangu, ni letu sisi wa pwani. Jirani zao Wabarbaig wa Hanang huanza majina mengi ya wanaume kwa Gida, na ya wanawake kwa Uda, hata ukilisikia jina tu ukajua kama ni mume au mke. Gidamis Shahanga wa Katesh alilibeba jina la namna hiyo hadi akashinda mbio ndefu za marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Na John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti kule Mexico mwaka 1968 akakataa kuacha mbio mpaka akamaliza, amelifanya jina lililokuwa geni kuheshimiwa duniani kote.

Basi ugeni wa jina si aibu. Aibu iko katika maana. Na hapa natutazame nyumbani kwetu kabla ya kumtazama jirani.

Sisi tunao akina Chausiku na Masika, na hayo hayana neno. Lakini tunao pia akina Shida, Tabu, Mashaka na Majuto. Mama alipata dhiki wakati wa mimba, au baba aligombana na wakwe, na ugomvi ule akafungwa nao mtoto asiyejua lolote. Wakubwa walikwisha kupatana zamani. Mtoto angali anaitwa Majuto.

Babu zetu waliujua uzito wa jambo hili. Zama za utumwa, mabwana waliwapa watumwa majina kama walivyopenda: majina ya siku, ya vito kama Almasi na Feruzi, au ya bahati kama Mabruki. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, wengi walioachwa huru walijichagulia majina mapya ya Kiislamu. Mtu aliyepata uhuru wake alitaka jina ambalo hakupachikwa na bwana.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiyabadili majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, alimwita Jamila. Lakini Umar, Uthman na Hamza walibaki na majina waliyoitwa kabla ya Uislamu, kwa kuwa hayakuwa na ubaya. Kwa hiyo ndugu yetu wa Mbulu akisilimu akabaki kuitwa Tluway, tusimwone kuwa Uislamu wake umepungua.

Kuna pia habari ya Hazn, ambalo maana yake ni ardhi ngumu. Mtume (S.A.W.) alitaka kumwita Sahl, yaani nyepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisimulia kuwa ugumu ule haukuwatoka katika ukoo wao.

Lifikiri jambo hili, ewe mzazi. Siku hizi jina la baba huandikwa katika cheti cha shule na kitambulisho cha mwana, kisha likawa jina la ukoo. Mvulana umwitaye Mashaka leo atazaa, na watoto wake wataitwa kina Mashaka. Hasira yako ya siku moja itasomwa darasani miaka sitini baada ya kufa kwako.

Basi siku ya saba, unapochinja akika, usikurupuke. Tulia kwanza, hasira ikutoke. Uliza maana, shauriana na mama yake, na umfikirie mtoto akiwa mtu mzima mbele za watu. Watu wa Mbulu walipoona mvua, waliandika neema katika jina la mtoto. Sisi nasi tusiandike ugomvi.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wema wenye majina mema. Amin.