Hamira Iliyopewa Jina la Pombe na Siri ya Mlango wa Seli

Mwaka 1893 mwanasayansi Mjerumani, Paul Lindner, alikuwa akichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Ndani yake alikuta hamira ya ajabu kidogo. Hamira ya mandazi huzaliana kwa kuchipua kitoto ubavuni, lakini hii ilikuwa inajigawa katikati, nusu kwa nusu. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe hii hii unayoijua wewe. Neno letu likaingia kwenye vitabu vya biolojia na halijatoka mpaka leo.

Sasa, pombe inahusiana vipi na saratani na VVU? Kupitia hamira hii, watafiti walikuja kugundua jinsi mizigo inavyotolewa nje ya kiini cha seli. Hebu tuanze na kiini chenyewe.

Kila seli yako yenye kiini ina chumba cha ndani kinachotunza DNA. Nje ya chumba hicho ni saitoplazimu, na huko ndiko protini zinakotengenezwa. Kwa hiyo kuna safari zisizokwisha: protini zinazofanya kazi kwenye DNA lazima ziingie, na ujumbe wa RNA lazima utoke. Mwaka 1950, Callan na Tomlin walitumia hadubini ya elektroni kutazama mayai ya amfibia, wakaona kwamba ukuta wa kiini umejaa matundu.

Ungeweza kudhani matundu hayo ni kama ya chujio la chai: kidogo kinapita, kikubwa kinabaki. Hilo ni kweli nusu tu. Molekuli ndogo zinapita zenyewe, ila protini zinazozidi kilodaltoni 40 hivi kwa kawaida zinahitaji hamali wa kuzibeba. Na hamali habebi mzigo usio na kibali. Mwaka 1984 Daniel Kalderon na wenzake, wakiwa Uingereza, walionyesha kwamba ukibadilisha asidi amino moja tu kwenye protini fulani ya kirusi SV40, protini hiyo inashindwa kuingia kwenye kiini. Kibali cha kuingia kikawa kimepatikana. Je, cha kutoka?

Hapa ndipo hamira yetu inapoingia. Mwaka 1983 watafiti wa Japani walitangaza dawa waliyoitoa kwa bakteria wa jamii ya Streptomyces, wakaiita leptomaisini B. Ilikuwa inaua fangasi. Mwaka 1989, huko huko Japani, Adachi na Yanagida walichapisha kazi kuhusu hamira ya pombe zenye hitilafu: zikiwekwa kwenye baridi, kromosomu zao zinaharibika umbo. Jeni yenye kasoro wakaiita crm1, jina linalohusu kromosomu. Hakuna aliyekuwa akiwaza habari za mlango. Mwaka 1994 nyuzi mbili zikafungwa pamoja: hamira zilizostahimili leptomaisini B zilikutwa na mabadiliko kwenye crm1. Kumbe dawa inalenga protini hiyo. Lakini protini yenyewe inafanya kazi gani? Jibu halikuwepo.

Wakati huo huo leptomaisini B ilikuwa imeshaonyesha kwamba inaweza kuzuia seli za saratani, kwa hiyo ikajaribiwa kwa wagonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Wagonjwa walipoteza hamu ya kula, walitapika, walichoka sana. Dawa ikawekwa kando. Ukumbuke mwaka huo.

Jibu lilikuja mwaka mmoja baadaye, na VVU walichangia. Kirusi hiki kina tatizo lake: seli haziruhusu RNA ambayo haijakatwakatwa na kuungwa upya itoke kwenye kiini, na VVU vinahitaji RNA nzima ili vizaliane. Vinatumia protini yao iitwayo Rev kuitorosha. Mwaka 1995 ilishabainika kwamba Rev ina kipande chenye leusini nyingi ambacho ndicho kibali cha kutoka. Mwaka 1997 ikaonekana kwamba leptomaisini B inaizuia Rev, na ndani ya mwaka huo huo maabara kadhaa zikafikia hitimisho moja: CRM1 ndiye hamali wa kutoa mizigo nje. Tangu hapo inaitwa pia eksportini 1.

Mwaka 1999 timu ya Minoru Yoshida ilionyesha jinsi dawa inavyofanya kazi. Inashika asidi amino moja tu ya CRM1, sisteini, na haiachii. Hamira ya mikate haina sisteini mahali hapo, ndiyo maana leptomaisini B haiisumbui. Hamira ya pombe inayo, na binadamu pia tunayo, katika nafasi ya 528. Yaani wale Wajapani wangefanya kazi na hamira ya mandazi, dawa isingefanya lolote na uhusiano huo usingeonekana. (Tusijisifu kupita kiasi lakini: hamira ya pombe iliyozoeleka maabara leo asili yake ni juisi ya zabibu ya Ufaransa. Spishi ni ile ile, na jina ni letu.)

Kwa nini kufunga mlango wa kutokea kunasaidia kwenye saratani? Protini kama p53, zinazozuia seli kuzaliana ovyo, zinafanya kazi hiyo zikiwa ndani ya kiini. Saratani kadhaa hutengeneza CRM1 kupita kiasi, na walinzi hao wanatolewa nje wakiwa wazima kabisa. Hawana kasoro yoyote, ila hawako kwenye lindo lao.

Mara watafiti walipojua hamali na mahali pa kumshika, waliweza kutafuta molekuli inayomshika kwenye sisteini ile ile lakini inayoachia baada ya muda. Mojawapo, selineksori, iliidhinishwa Marekani Julai 2019 kwa wagonjwa wa mieloma, saratani ya seli za plazima kwenye uboho, ambao tayari walishapitia angalau matibabu manne. Katika matumizi hayo ya kwanza ilimezwa siku mbili tu kwa wiki. Hata hivyo, kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya kula bado vipo, na chembe sahani za damu hupungua. Haishangazi, maana seli zako nzima nazo zinatumia mlango huo huo.

Wagonjwa wa ule mwaka 1996 walipewa dawa ambayo hakuna aliyejua inafunga mlango gani. Waliokuja kuutambua mlango huo walianzia kwenye kromosomu za hamira iliyopigwa na baridi. Kwa hiyo siku mtu akikuuliza kusoma habari za hamira kunamsaidia nani, mtajie jina lake.